Chupa ya Mwaka wa Kwanza Bila Dawa

Mimi na binti wa mzee niliyeajiriwa kumtunza hatukuiva chungu kimoja tangu siku ya kwanza. Kabla hajaniuliza nimefanya kazi ya kutunza wazee miaka mingapi, aliniuliza kwenye simu ninaishi wapi. Nikamwambia Campbelltown. Akasema kwa sauti tamu kabisa kwamba angependa niwe nabadilisha nguo gereji kabla sijaingia ndani kwa baba yake. Gereji, jamani. Mimi na umri wangu nivue nguo karibu na mashine ya kukatia nyasi. Nilifanya hivyo muda wote niliokuwa pale, na kila nilipofunga vifungo vya blauzi nilimlaani kidogo, halafu nikaomba msamaha kwa Mungu, maana nimeokoka.

Mji wa Sydney ulikuwa umefungwa. Sisi wa kusini-magharibi tulitazamwa kana kwamba korona tuliizaa sisi. Helikopta ilizunguka juu ya mapaa yetu, askari walisimama stesheni, na ili nitoke mtaani kwangu niende kazini ilibidi niwe na kibali kwenye simu na niingizwe kijiti puani kila baada ya siku chache. Treni peke yake ni zaidi ya saa nzima, halafu tramu hadi Kensington, halafu mguu. Ndani ya behewa tulikuwa watu sita au saba, kila mmoja kajibana kwenye dirisha lake, na aliyetaka kukohoa alijikaza mpaka macho yakamtoka machozi. Niliwaangalia wote kwa jicho la pembeni, na wao wakaniangalia hivyohivyo.

Mzee mwenyewe alikuwa na miaka themanini na moja, Mfaransa, mwalimu mstaafu wa chuo kikuu, mwembamba, anatetemeka mikono lakini kichwa kimetulia. Juu ya kochi lake sebuleni kulitundikwa picha ya nyumba ya mawe yenye mnara, na nyuma yake mizabibu mistari kwa mistari mpaka mlimani. Hapo ndipo alipozaliwa. Ukoo wao ulikuwa ukitengeneza divai nyekundu kwenye shamba lile tangu enzi za wafalme wa huko. Yeye alilikimbia akiwa kijana, akamfuata mwanamke wa Sydney ambaye nilimkuta ameshakufa. Aliyebaki na shamba ni dada yake mkubwa, ambaye hakuolewa.

Haya yote sikuambiwa. Niliyasikia. Kila Jumapili jioni mzee na dada yake walizungumza kwa tableti, wanaonana nyuso, na walizungumza Kifaransa. Binti alizaliwa Sydney, Kifaransa hajui hata cha kuombea maji. Mimi nakijua. Nilichapwa nacho shule ya msingi Burundi, nikaendelea nacho kambini Kigoma, na ingawa kimechuja bado nasikia kila neno. Sikumwambia mzee. Aliponisemesha Kiingereza nilijibu Kiingereza, alipogeukia Kifaransa niliendelea kukunja soksi. Najua si vizuri. Lakini katika nyumba ya watu ambao huwajui, ni faida kusikia wasichojua kuwa unakisikia.

Ndivyo nilivyopata habari za dawa. Baba yao alipulizia mizabibu dawa za sumu maisha yake yote, akafa kifua kimeharibika. Mwaka huohuo aliozikwa, dada alifungia bomba la kupulizia stoo, akatangaza kwamba shamba lake halitaona dawa tena. Hii ni zamani, kabla watu hawajaanza kusifia kilimo hai. Majirani walimcheka. Walisema divai isiyo na dawa haidumu, kwamba ile aliyotengeneza mwaka wa kwanza itakuwa siki kabla haijafika miaka kumi. Baadaye shamba lilipata jina, watu wakaja kutoka mbali kununua, waliomcheka wakaanza kumwiga. Lakini yule bibi hakusahau. Alibakiwa na chupa moja ya mwaka ule wa kwanza, ameitunza zaidi ya miaka arobaini, ili siku moja aifungue ajue nani alikuwa sahihi.

Halafu korona ikampitia. Hakufa nayo, ila ilimwachia mapafu mabovu na ikamnyang'anya pua na ulimi. Hasikii harufu, hasikii ladha. Nilimsikia akimwambia kaka yake kwamba hata kahawa kwake sasa ni maji ya moto tu, na kwamba chupa ile hana tena faida nayo. Angeituma Sydney. Mipaka ilikuwa imefungwa, mzee asingeweza kwenda, na bibi alikuwa anaishiwa siku na wote wawili walijua. Alichotaka ni kitu kimoja: kaka yake aionje mbele yake kwenye tableti, amwambie imedumu au haikudumu, kabla hajafa.

Niliguswa, sitasema uongo. Niligeuka dirishani nikajifanya nafuta kioo.

Lakini mjue na upande wangu. Kwetu Burundi, na kambini vilevile, mgeni haletewi chupa iliyokwisha kufunguliwa. Bia au soda inaletwa na kifuniko chake, inafunguliwa mbele ya macho yako. Kama ni pombe ya ndizi, mwenye nyumba anakunywa kwanza, unamwona anameza, ndipo anakupa wewe. Huko ndiko kuambiwa kwamba hapa utakunywa na kesho utaamka. Baba yangu alikunywa kwa watu bia iliyotoka ndani ikiwa imeshafunguliwa. Siku ya nne tukamzika. Labda lilikuwa ini lake, kambini hapakuwa na daktari wa kutueleza. Mama hakusema labda. Mama alisema ni ile chupa, na mimi nilikuwa na miaka kumi na minne, nikashika hilo na kulishika mpaka leo.

Kwa hiyo wiki yangu ya kwanza, mzee aliponimiminia glasi kutoka kwenye chupa iliyokuwa wazi mezani, nilikataa. Nikamwambia sinywi, na ni kweli, nimeokoka. Nikamwambia pia kazi hairuhusu, na hiyo nayo ni kweli. Sababu kubwa sikumwambia. Jumapili iliyofuata, nikiwa napiga pasi, nikamsikia akimwambia dada yake kwamba yule mwanamke hanywi, hali mbele yake, na anamwangalia mikono kila anaposhika kitu, naye hajui anatafuta nini mle ndani. Nusura niunguze kola ya shati. Kumbe na yeye ananipeleleza. Nilikasirika sana, kana kwamba mimi sikuwa nimesimama palepale nikimsikiliza kwa siri.

Sasa binti. Alikuwa anaishi ng'ambo ya daraja, upande wa pili wa bandari, na sheria ya kutovuka kilomita tano ilimzuia kuja, basi akawa anaishi kwenye simu yangu. Baba amelala? Amekula? Ameanguka? Amesahau jiko? Alikuwa ameshaanza kutaja makao ya wazee, na kila nikisema baba yako yuko sawa, nilisikia kwamba hafurahi. Mzee alikuwa hataki vidonge vya usingizi, anavitema. Siku moja binti akaniambia nivisage niwe unga, nivitie kwenye divai yake ya jioni, hatajua. Alisema kama mtu anayekwambia uongeze chumvi kwenye mboga. Nikamjibu hilo siwezi, leseni yangu itaondoka nalo. Akasema sawa, alikuwa anawaza tu kwa sauti. Nami nikaweka hayo maneno moyoni, nikayapiga kufuli.

Wiki mbili baada ya hapo chupa ikafika. Ilipitia kwa binti, kwa sababu ndiye aliyeandikwa kwenye mzigo, na yeye akaituma kwa dereva. Nililipokea boksi la mbao mlangoni. Lilikuwa limeshafunguliwa. Misumari ilikuwa imeng'olewa na kurudishwa upande, karatasi ya kufungia imechanwa. Juu ya chupa, ile nta nyekundu ya kufunikia kizibo ilikuwa imepasuka na kipande hakipo. Nikainyanyua kwenye mwanga wa dirisha. Chini, ubavuni, kulikuwa na unga. Mzito, mweusi, ukiinamisha chupa unatambaa taratibu.

Ala! Niliona unga wa vidonge, nikaona jina langu kwenye karatasi ya polisi. Mzee akinywa akalala asiamke, aliyekuwa naye ni nani? Ni yule mwanamke wa Campbelltown. Nani atauliza habari za binti aliyeko ng'ambo ya daraja? Jioni ile nyumbani nilimuuliza binti yangu mwenyewe, anayesoma sana, unga chini ya chupa ya divai ni nini. Akanijibu kwa Kiingereza, kama kawaida yake, bila kuinua macho, kwamba nigugo, nitafute mwenyewe kwenye simu. Sikugugo. Sikutaka kuambiwa na simu kitu ambacho tayari nilikijua.

Jumapili ikafika. Mzee alikuwa ameamuru chupa isimamishwe wima siku mbili. Alivaa tai. Mikono yake isingeweza, basi kazi akanipa mimi, akanielekeza kama mwalimu kweli: nifungue jikoni taratibu, nimimine kwenye jagi la kioo huku nimewasha mshumaa nyuma ya shingo ya chupa, na nikiona tope linakaribia shingoni nisimame hapohapo. Kulitaja kwake tope hakukunitoa wasiwasi; nilidhani ameliona tu, hajui limetoka wapi. Nikafunga mlango wa jikoni. Kizibo kilitoka kimeoza nusu. Nikainusa. Haikunuka kama divai yoyote niliyowahi kuipitisha puani kwenye nyumba za wazee. Ilinuka udongo uliolowa mvua ya kwanza, na ngozi ya kiatu, na kwa mbali zizi la mbuzi. Na rangi haikuwa nyekundu, ilikuwa ya tofali. Nikasema moyoni, hii imetiwa kitu.

Nilisimama pale na chupa mkononi, naapa, dakika nzima. Nilijua yule bibi anangoja nini. Nikapima swali la bibi na uhai wa mzee, na shingo yangu mwenyewe, sitajificha. Halafu nikaimwaga kwenye sinki. Nilipoona tope linakuja shingoni mkono ukasimama wenyewe, na hapo likanijia wazo: huu ndio ushahidi. Nikarudisha kizibo, nikaifunga chupa kwenye mfuko wa plastiki, nikakimbia kuificha gereji chini ya nguo zangu. Kabatini kulikuwa na divai ya supamaketi, kifuniko cha kusokota. Nilikisikia kikikatika mkononi mwangu, nikajua ni salama. Nikaijaza kwenye jagi.

Saa kumi na moja jioni yetu, asubuhi kwao, bibi akatokea kwenye kioo cha tableti. Alikuwa kitandani, mpira wa hewa puani, nywele zimechanwa kwa ajili ya siku hiyo. Nikammiminia mzee. Nikarudi nyuma nikasimama mlangoni.

"Onja," bibi akasema. "Usinionee huruma. Niambie imedumu?"

Mzee aliizungusha glasi, akanusa. Nikaona uso wake unasimama. Akanywa kidogo, akakaa nayo mdomoni, na macho yake yakainuka polepole kutoka kwenye tableti yakanijia mimi pale mlangoni. Mtu aliyezaliwa juu ya mapipa. Nilikuwa nimedhani nitamdanganya kwa divai ya kifuniko cha kusokota. Nilingoja anitaje.

Akarudisha macho kwa dada yake. "Imedumu," akasema.

Akamwelezea. Alisema anasikia cheri zilizokauka, na ngozi, na ule mteremko nyuma ya kanisa baada ya mvua. Alisema haina hata chembe ya siki. Alisema baba yao angeinywa angevua kofia. Bibi alifumba macho akawa anasikiliza, na machozi yakamtoka yakaelekea masikioni kwa vile alikuwa amelala chali. Akasema basi, sasa anaweza kupumzika. Wakacheka juu ya jirani mmoja ambaye ameshakufa. Halafu akachoka, wakaagana.

Mzee alifunika tableti. Akaniita kwa Kifaransa.

"Madamu, umenimiminia nini?"

Nikamjibu kwa Kifaransa kabla sijakumbuka kwamba sikijui. Hakushtuka. Alisema alijua zamani, tangu siku nilipocheka kwa pua dada yake aliposimulia habari za padri. Kumbe muda wote huo wote wawili tulikuwa tunajifanya.

Nikamwambia yote nikiwa nimesimama. Boksi, nta, unga, vidonge, binti yake. Nikamwambia habari za baba yangu na bia iliyotoka ndani. Nilipofika hapo ndipo nilipojiona: chupa imefunguliwa jikoni, mlango umefungwa, mgeni anangoja sebuleni, na aliyekuwa jikoni ni mimi. Nilichoogopa maisha yangu yote kufanyiwa, nilimfanyia mzee wa watu. Nililia kwa aibu. Sijawahi kujichukia namna ile.

Hakufoka. Ningependa angefoka. Alinieleza polepole kwamba divai ya dada yake haichujwi, na divai isiyochujwa ikizeeka huweka mashapo chini, tena ndiyo dalili yake. Akaniagiza nilete boksi. Ndani ya kifuniko kulikuwa na utepe wa forodha ya uwanja wa ndege, umeandikwa kwa herufi kubwa kwamba mzigo umefunguliwa na kukaguliwa. Nilikaa na boksi lile siku nne na sikuuona utepe, kwa sababu sikuwa nautafuta. Kuhusu binti yake na vidonge, alipitisha kidole juu ya jina la binti kwenye boksi, akalifunika.

Kisha akauliza chupa yenyewe iko wapi. Nikamwambia, imo gereji, kwenye nguo zangu, na tope lake, nilitaka kuwapelekea polisi. Kwa mara ya kwanza tangu nimjue nilimwona anacheka mpaka anashika meza. Nikaenda kuichukua bila hata barakoa.

Aliomba chujio la chai na glasi moja. Alikataa nimsaidie. Aliimimina mwenyewe, mbele yangu, mikono inatetemeka, chujio linagonga glasi, na ikapatikana kiasi cha vijiko vitatu, nzito, ya rangi ya tofali. Aliniambia kwao pia mwenye nyumba hujimiminia wa kwanza, na kwamba hakuwahi kujiuliza kwa nini. Akainywa nusu nikimwona anameza. Akafumba macho. Nilihesabu pumzi zake. Nilichokuwa nataka duniani wakati ule ni kitu kimoja, kwamba kile alichomwambia dada yake kiwe kweli.

Akafumbua macho, akanipa glasi.

"Sikumdanganya," akasema.

Nikanywa, mimi niliyeokoka. Kwangu ilikuwa uchungu na mchanga kwenye meno, na ile harufu ya udongo. Mimi wa kupima nini? Bibi alifariki Alhamisi, na mzee aliangalia mazishi kwenye tableti, mimi nimekaa naye kochini, chini ya picha ya shamba. Mzee naye ameshaondoka sasa, nyumbani kwake, kitandani kwake. Chupa tupu aliniachia mimi, iko juu ya kabati langu Campbelltown, na watoto hawaruhusiwi kuigusa. Nimeshawasimulia watu kanisani kisa hiki, na wote wananiambia Mungu ni mwema, divai ilidumu. Nami naitikia amina. Lakini mimi nilikuwepo mlangoni. Nilimwona akimtazama dada yake usoni, akamwambia imedumu, na mdomoni ana divai ya supamaketi. Nusu saa baadaye alinitazama mimi kwa uso uleule, akaniambia kwa sauti ileile, na mpaka leo sijui kama jioni ile hakumdanganya mtu yeyote, au alitudanganya wanawake wawili.